Ndege ya Kujiundia Ikikusumbua Pwani: Dalili, Visababishi na Pa Kusimama

Ndege uliyoiunda mwenyewe haitoki bandani ikiwa imekamilika. Inatoka ikiwa imeungwa tu. Kukamilika kwake huja safari baada ya safari, kama jahazi jipya linavyotiwa majini likavuja, likapandishwa pwani likatiwa kalafati tena, mpaka mbao zikavimba zikashikana. Maswali tunayoulizana hapa Mombasa ni yale yale kila msimu: injini inakohoa, bawa moja zito, joto linapanda, kipima mwendo kimekufa. Majibu mengi yanayopatikana yameandikwa na watu wanaoruka kwenye hewa baridi na kavu. Hewa yetu ni ya moto, imejaa unyevu, na ina chumvi. Ongeza nyigu kwenye hesabu hiyo, na utakuwa umetaja chanzo cha sehemu kubwa ya yale niliyowahi kuitwa kuyatazama.

Tarakimu za injini nilizotumia ni za Rotax 912 ULS, ile ya nguvu za farasi 100, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu kwa mikono yangu. Kama yako ni nyingine, fuata mwongozo wake, lakini mpangilio wa kutafuta kosa haubadiliki sana.

Kabla ya kushika spana

Propela ichukulie kuwa iko hai wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Waya wa kuzimia moto ukikatika, swichi husoma "zima" huku plagi zikingoja tu mtu azungushe. Weka kabari kwenye magurudumu, funga mkia kwa kamba kwenye kitu kisichong'oka, na mtu unayemwamini aketi ndani, miguu kwenye breki.

Kisha badilisha kitu kimoja, ruka, andika. Mtu anayebadilisha plagi, kulinganisha kabureta na kukunja kibati cha usukani wa mkia (kile kijibati cha nyuma kinachonyoosha ndege) siku moja, ndege ikipona hajui dawa ilikuwa ipi, na ikizidiwa hajui sumu ilikuwa ipi. Daftari langu la kwanza lina kurasa kumi na moja za namna hiyo na sikuweza kuzitumia kwa lolote.

Safari za kujaribu usizifanyie juu ya Kongowea, Likoni wala Changamwe, kwenye paa za watu. Anga hii tunaitumia pamoja na ndege kubwa zinazotua Moi, kwa hiyo mweleze mwongozaji wa mnara unachotaka kufanya na muda utakaochukua. Jambo lolote linalogusa muundo, uzito au mfumo wa kuongozea usilifanye kimyakimya: mwite fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, aone na kuandika kabla hujaruka.

Injini inatetemeka ikiwa chini, inatulia ukiongeza nguvu

Hili ndilo lalamiko la kwanza karibu la kila mwenye 912, na tisho lake kubwa si kwa abiria bali kwa giaboksi. Injini hii haipendi kuzungushwa chini ya mizunguko 1,400 kwa dakika. Meno ya giaboksi hugongana kama mchi kwenye kinu. Kwa hiyo, kwanza kabisa, tazama geji. Wengine hufikiri wana ugonjwa kumbe wameshusha mno. Pandisha hadi 1,700 au 1,800 uone kama tetemo limekwisha. Likikwisha, rekebisha skrubu za kushikilia mizunguko ya chini, zote mbili kwa kiasi kimoja, umemaliza.

Likibaki, angalia choki. Choki ya kabureta hizi za Bing hufanya kazi wenzo wa nguvu ukiwa umefungwa kabisa, na kebo yake ikiingia kutu ya chumvi hairudi hadi mwisho. Fungua boneti, mwambie mwenzako asukume choki ndani, halafu gusa mkono wa choki kwenye kila kabureta kwa kidole. Ukiweza kuusogeza hata kidogo kuelekea "funga", umempata mwizi. Kebo isafishwe, itiwe mafuta mepesi, na kama nyuzi zimeanza kukatika ibadilishwe.

Kisha ulinganifu wa kabureta mbili. Kila moja inalisha silinda mbili, na moja ikifunguka mapema kuliko mwenzake, upande mmoja wa injini unavuta na mwingine unaburutwa. Anza na macho: sogeza wenzo wa nguvu polepole ukiangalia kama mikono ya kabureta zote mbili inaondoka kwenye skrubu zake kwa wakati mmoja. Zikiwa haziondoki pamoja, rekebisha kebo. Baada ya hapo ndipo uunganishe geji mbili za kupima mvuto wa hewa, uwashe, na ulinganishe chini na tena kwenye mizunguko kama 2,500 au zaidi. Kazi hii inafanywa karibu na propela inayozunguka. Ambaye hajawahi kuifanya asiifanye peke yake mara ya kwanza, na asivae kanzu, shuka wala shati la mikono mipana.

Plagi ni rahisi kuliko zote ila watu huzikimbilia kabla ya wakati wake. Injini hii ina pande mbili za umeme wa kuwasha plagi. Zipime kwa mizunguko 4,000: ukizima upande mmoja, mizunguko isishuke zaidi ya 300, na tofauti kati ya pande mbili isipite 115. Ikishuka mno upande mmoja, toa plagi za upande huo uzitazame. Wanaotumia Avgas, petroli ya ndege yenye madini ya risasi, wataona vitone vya kijivu vya risasi. Ndiyo sababu mafuta ya injini kwa wanaotumia Avgas sehemu kubwa ya muda hubadilishwa kila saa 25. Na ikiwa mizunguko haishuki hata kidogo upande mmoja, usifurahi. Maana yake ni kuwa upande huo hauzimiki, na propela yako inaweza kumkata mtu ukiwa umeshazima kila kitu. Funika, andika onyo juu yake, na umwite fundi wa umeme.

Limebaki tetemo? Maboya ya kabureta. Kuna maboya yaliyokuwa yakinywa petroli polepole na kuwa mazito, kabureta ikafurika, na ishara yake ni matone ya petroli kwenye sinia iliyo chini ya kabureta. Jozi moja isizidi gramu 7. Mimi nilipeleka yangu kwa sonara wa Mji wa Kale, akayaweka kwenye mizani ya dhahabu bila kuniuliza mengi. Moja ya jozi ilikuwa imepita. Yafute juu tu kabla ya kupima. Ukiyaanika juani yatatoa petroli yote na mizani itakupa jibu zuri la uongo.

La mwisho kwa uchache ni soketi za mpira zinazoshikilia kabureta kwenye injini. Joto la hanga la bati hapa huzikausha. Zikunje kwa mkono ukiwa na tochi. Ukiona ufa unaoingia ndani ya mpira, ndege hairuki. Soketi ikipasuka angani kabureta hudondoka pembeni. Mipira yote ya injini hii ina umri wa miaka 5 kwa mujibu wa mtengenezaji, na sioni sababu ya mtu wa pwani kuomba nyongeza.

Injini inapoteza nguvu angani, hasa ukiteremka

Hapa hakuna mzaha wala kusubiri. Ukiwa juu: shusha pua upate mwendo wa kuteleza, chagua pa kutua, washa pampu ya umeme, hamia tangi jingine, vuta joto la kabureta (wenzo unaoleta hewa moto kwenye kabureta) kama unalo. Kisha sema kwenye redio. Kutafuta kosa ni kazi ya chini.

Ukishatua salama, fikiria barafu kwanza. Najua inavyosikika kwa mtu aliyeshuka akitokwa na jasho Mombasa, lakini petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye tundu jembamba la kabureta, joto ndani yake hushuka digrii 20 na zaidi. Hewa ya 28 yenye unyevu wa hapa ina maji ya kutosha kuganda humo, na wenzo ukiwa umefungwa wakati wa kuteremka ndipo tundu linapokuwa jembamba zaidi. Dalili yake: nguvu ilififia taratibu bila kishindo, na dakika kumi baada ya kutua kila kitu kiko sawa, hakuna ushahidi. Mwenye joto la kabureta alivute lote, na injini ikikohoa zaidi kwa sekunde chache asilirudishe, kwani ni barafu inayoyeyuka na kumezwa. Asiye nalo asiteremke na wenzo umefungwa kwa muda mrefu. Aongeze nguvu kila baada ya muda mfupi ili injini ibaki na joto. Na ajipange kuliweka.

Pili ni maji kwenye petroli. Usiku wa pwani tangi lililo nusu hutoka jasho kwa ndani, na wakati wa masika mpira wa kifuniko uliochoka hupitisha mvua. Toa sampuli alfajiri kabla ya kuisogeza ndege. Tazama chini ya kijupa, halafu nusa. Kijupa kikiwa maji matupu hakuna mstari wa kutenganisha, na macho yatakuambia ni petroli safi. Pua haidanganyiki.

Tatu, tundu la kupumulia tangi. Nyigu wa udongo huliziba kwa muda usiozidi kunywa chai. Tangi lisilopumua hutoa petroli vizuri mwanzoni, kisha pampu inaanza kushindana na mvuto mpaka inashindwa. Kipimo: fungua kifuniko mara tu baada ya kutua, ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mfyonzo, tundu limeziba.

Baada ya hayo ndipo uangalie chujio, pampu na mipira. Shinikizo la petroli liwe kati ya 0.15 na 0.4 bar. Injini iliyokatika angani mara moja na sababu haikuonekana haijapona. Usiruke tena ili "kuona kama itarudia". Iache chini, fundi aifungue.

Inawaka asubuhi, ikishakuwa moto inagoma

Petroli inachemka kwenye mipira. Umetua Ukunda saa saba mchana, umezima, umekunywa maji, umerudi. Joto lililofungiwa chini ya boneti limepanda na kugeuza petroli kuwa mvuke. Fungua vifuniko vyote vya boneti ukishazima, elekeza pua kwenye upepo, ngoja nusu saa. Kabla ya kuwasha, washa pampu ya umeme kwanza. Dawa ya kudumu ni kuvika mipira ya petroli soksi ya kuzuia joto, kuihamisha mbali na ekzosi, na kuweka njia ya kurudisha petroli tangini kama mjenzi wako aliiruka. Iliyogoma kisha ikawaka kwa shida isiruke mpaka ivute nguvu yote chini, imefungwa, kwa dakika nzima bila kuyumba.

Joto la mafuta ya injini au la maji ya rejeta linapanda

Kwanza hakikisha geji inasema kweli. Toa kihisi, kitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Sisi wa pwani tuna neema hapa: maji yetu yanachemka kwa 100 kamili, wakati Nairobi huchemka kama 95. Geji ikisoma 112 kwenye sufuria, umejua ni kiasi gani inakudanganya. Nyaya za kihisi zilizoota ukijani wa chumvi ndizo mgonjwa wa kawaida.

Geji ikiwa kweli, angalia kiwango. Maji ya rejeta yasomwe injini ikiwa baridi. Mafuta ya 912 hukaa kwenye tangi la pembeni, kwa hiyo zungusha propela kwa mkono, moto ukiwa umezimwa pande zote mbili, upande wake wa kawaida tu, mpaka usikie tangi likitoa sauti ya kubwia. Ndipo upime. Usiizungushe kinyume, utaingiza hewa kwenye mfumo.

Halafu rejeta yenyewe. Chumvi ikichanganyika na vumbi jekundu la Mariakani hutengeneza ukoko kati ya mapezi yake, na ukiitazama mbele inaonekana safi. Imulike tochi kutoka nyuma. Ioshe kwa maji baridi ya kawaida, yasiyo na kasi, kutoka nyuma kuelekea mbele.

Hapo ndipo tunafika kwenye kosa la wajenzi wenyewe: mianya. Hewa ni mvivu, ikipata nafasi ya milimita 5 pembeni ya rejeta itapita huko badala ya kujipenyeza kati ya mapezi. Ziba kila mwanya kwa kipande cha mpira. Ikiwa bado, tatizo liko pa kutokea hewa. Tundu la kutokea likiwa dogo, hewa moto husongamana ndani na hata ukipanua pa kuingilia hupati kitu. Bandika mdomo mdogo wa bati kwenye ukingo wa kutokea, wa kujaribu, uone digrii ngapi zimeshuka kabla hujakata chochote.

Mafuta yanapaswa kufika 50 kabla ya kuruka na hukaa vizuri kati ya 90 na 110. Kikomo ni 130. Yakikimbilia kikomo wakati wa kupanda, shusha pua, punguza nguvu, yaache yapoe. Joto likipanda huku shinikizo la mafuta likishuka, hiyo ni habari nyingine: tua mara moja pale panapotulika, na injini isiwashwe tena kabla ya kufunguliwa na fundi.

Haipandi kama zamani

Kabla ya kulaumu injini, hesabu hewa. Uwanja wa Moi uko mita 61 tu juu ya bahari, lakini mchana wa digrii 32 hewa yake ina wembamba wa hewa ya mita 700 hivi siku ya kawaida ya vitabu, na unyevu huipunguza tena. Ndege iliyopimwa kupanda Agosti alfajiri haitakupa namba ile ile Februari adhuhuri wakati wa kaskazi. Linganisha siku zinazofanana.

Hesabu ikishindwa kueleza, tazama pembe ya mapanga ya propela. Ukiruka sawia wenzo ukiwa wazi wote, mizunguko ifike 5,500 au ipite kidogo. Isivuke 5,800, na 5,800 yenyewe ni ya dakika 5 tu. Isipofika 5,200, mapanga yameshika hewa mno: punguza pembe kwa nusu digrii, panga zote sawa, upime kwa kifaa cha pembe kilicho sahihi. Nusu digrii ya panga moja pekee ndiyo mtetemo wa kesho. Baada ya hapo angalia kama wenzo unafungua kabureta zote mpaka mwisho, kisha breki inayokwaruza, kisha uzito. Ndege za kujiundia hunenepa: rangi ya pili, redio ya pili, mto wa kiti. Ipime upya kwenye mizani tatu, na ukiona uzito umerudi nyuma kupita mpaka wa nyuma, usiruke hata mzunguko mmoja. Ndege yenye mkia mzito huweza kuingia kwenye msokoto usiotoka.

Inakwenda pogo: bawa zito, au pua inavuta upande

Miezi miwili nilihangaika na bawa la kulia. Nilirefusha vijiti vya eleroni, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoiinamisha ndege kulia na kushoto, nikavifupisha, nikakunja kibati, nikakikunjua. Kumbe kigololi cha mizani kwenye dashibodi, kinachoonyesha kama ndege inateleza upande, nilikifunga kikiwa kimeinama digrii mbili. Nilikuwa nikikanyaga pedali kwa utiifu ili kukiweka katikati, na kwa kufanya hivyo nikiiendesha ndege upande upande. Kwa hiyo, kabla ya lolote: isimamishe ndege sawa kwa pima maji kwenye sehemu ya kiunzi iliyokusudiwa, halafu tazama kigololi. Kikiwa pembeni, legeza skrubu zake. Kazi ya dakika tano.

Jaribio lenyewe lifanyike alfajiri, upepo wa bahari ukiwa bado umelala. Petroli sawa mabawa yote mawili, maana lita 20 za ziada upande mmoja ni karibu kilo 15, na hakuna kibati kitakachotibu hilo. Nenda mwendo wa safari, weka kigololi katikati kwa miguu, kisha achia kijiti. Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua.

Kigololi hakikai katikati bila mguu: tatizo ni la usukani wa mkia, na ulitibu kabla ya kugusa bawa. Kigololi kikikimbilia kulia unahitaji mguu wa kulia, hivyo kibati cha nyuma ya usukani kikunjwe kushoto. Hewa itausukuma usukani kulia. Kikikimbilia kushoto, kinyume chake. Anza na kabari nyembamba ya ubao mwepesi iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi, ikate kidogo kidogo kila safari, na ukishapata kipimo ndipo uweke kibati cha kudumu. Mara nyingi bawa "zito" hupona lenyewe hapa, kwa sababu ndege iliyokuwa ikiteleza upande ilikuwa ikilalia bawa moja.

Kigololi katikati na bado bawa linazama: angalia flapu, yale mabapa ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua. Zikunjwe juu, simama nyuma, tazama kingo zake zikilinganishwa na bawa. Iliyo juu kidogo kuliko mwenzake ndiyo upande unaozama. Ishushe kwa nusu mzunguko wa kijiti chake, ujaribu tena. Kila unapogeuza kijiti, hakikisha nyuzi zilizoingia ndani zinatosha, na nati ya kufungia imekazwa na kutiwa alama ya rangi.

Flapu zikiwa sawa ndipo ufike kwenye eleroni. Bawa la kulia likiwa zito, kibati kidogo cha eleroni ya kulia kikunjwe juu, eleroni ishuke, bawa liinuke. Milimita mbili tatu, ukapime.

Kisichotibika kwa kibati: bawa lililofungwa kwa pembe isiyo sawa na mwenzake, au lililopinda. Kama unahitaji kibati kikubwa kuliko kidole gumba, acha kukunja na mwite mtu apime pembe za mabawa. Na ikiwa ndege iliyokuwa sawa jana imeanza kuvuta leo, usitafute kibati kabisa. Kitu kimesogea, kimevunjika au kimelegea. Haipandi tena mpaka kijulikane.

Kipima mwendo kinasoma chini, hakisomi, au kinarukaruka

Nyigu. Anza hapo, umalizie hapo mara nyingi. Bomba la pito, lile linalopokea upepo wa mbele ili kipima mwendo kisome, lina tundu la ukubwa anaoupenda, na siku moja bila kofia inatosha. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kuondoka Puerto Plata, wakafa watu wote 189. Pito moja lilikuwa limeziba, na nyigu ndiye aliyeshukiwa zaidi. Ndege ile ilikuwa imekaa chini siku kadhaa bila kufunikwa mapito. Shona kofia nyekundu yenye utepe mrefu, na uivue kabla ya kuruka.

Limeziba? Tenganisha mpira nyuma ya geji kwanza, kisha safisha. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu geji ikiwa imeunganishwa, utaiua. Baada ya nyigu ni maji, hasa bomba lisipokuwa na sehemu ya chini ya kukusanyia tone, na dalili yake ni mshale unaochezacheza. Baada ya maji ni kuvuja: sukuma hewa kidogo kwa bomba la sindano la plastiki lililounganishwa kwenye pito, taratibu mno, mpaka geji isome mwendo wa safari, ubane, uhesabu dakika moja. Mshale ukishuka haraka, kiungo kimoja kinavuja.

Haya yote yakiwa safi na bado una shaka, ruka alfajiri tulivu pande nne zilizotofautiana kwa digrii 90, andika mwendo wa GPS kila upande, chukua wastani. Kusi ikiwa inavuma sawasawa, upande mmoja utakupa na mwingine utakunyang'anya. Kumbuka kuwa hewa ya moto huongeza mwendo halisi juu ya ule wa geji kwa asilimia kama 5 hivi kwenye futi 1,500, kwa hiyo tofauti ndogo si ugonjwa.

Mshale ukifa wakati wa kuruka na njia ingali mbele yako, simama. Ukiwa umeshapaa, weka pua na nguvu mahali unapopafahamu, usitazame geji tena, mwambie mnara, na tua kwa njia ndefu.

Mtetemo

Boliti za propela. Propela ya ubao huvimba wakati wa masika na kusinyaa kaskazi, na ule mkazo uliouweka Mei haupo Januari. Kaza kwa spana ya kupima mkazo, kwa kipimo cha mtengenezaji, kila msimu unapogeuka. Kisha pima mfuatano: weka kasha mbele ya ncha ya panga moja, zungusha, ncha ya pili ipite pale pale, tofauti isizidi milimita 3. Kisha vipira vya fremu ya injini. Kusawazisha propela ikizunguka kunahitaji mashine na mwenye mashine.

Kuna mtetemo mmoja ambao hautafutiwi sababu angani. Kijiti au pedali ikianza kupiga mkononi ghafla kadiri mwendo unavyoongezeka, eleroni au mkia umeanza kupapatika kama tanga lililolegea. Ondoa nguvu, inua pua polepole, punguza mwendo, tua. Sekunde chache zinatosha kung'oa kipande. Chanzo huwa bawaba zilizolegea, vijiti vyenye uchezo, au rangi mpya iliyoongeza uzito nyuma ya bawaba na kuharibu mizani. Umepaka eleroni rangi? Ipime mizani upya kabla ya kuirudisha. Ndege iliyopapatika hata mara moja hukaguliwa yote na fundi mwenye leseni, mpaka ndani ya mkia.

Volti zinashuka

Viungo vya waya wa ardhi kwanza: fungua, sugua ung'ae, paka grisi. Kisha regulata, ambayo kwenye 912 huuawa na joto. Ihamishie upande wa hewa baridi. Ukinusa plastiki inaungua, zima umeme wote na utue.

Riveti zinatoa moshi

Si moshi. Ni pete nyeusi kuzunguka kichwa cha riveti, yenye mkia mwembamba kufuata hewa, unga wa alumini uliosagwa kwa sababu riveti inacheza. Bonyeza bati pembeni yake kwa kidole gumba huku ukitazama. Ikisogea, imelegea. Unga mweupe ni kitu kingine: hiyo ni chumvi inakula bati, na rangi iliyovimba kama lengelenge huificha. Osha ndege kwa maji ya bomba kila baada ya kuruka karibu na bahari, ukikwepa bawaba, pito na matundu ya kupumulia.

Riveti moja katikati ya bati la mwili hubadilishwa. Tatu kwa mstari mmoja, au hata moja karibu na nguzo kuu ya bawa, mguu wa kutua au fremu ya injini, ni ya fundi wa muundo, na ndege inabaki chini. Za shaka zitie duara kwa kalamu ya wino, andika tarehe kando. Bawa langu la kushoto lina duara tatu kama hizo za mwaka juzi. Jumamosi hii nimezipangusa kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kimetoka cheupe.